Mgeta Walichimba, Matombo Waligoma: Ujinga Uko Wapi?

Hoja yenyewe mmeisikia, tena si mara moja. Imesemwa kwenye semina za mazingira, imefundishwa darasani, imerudiwa kwenye baraza za mjini Morogoro na ndani ya gari linalopanda kutoka Mlali. Inasema hivi: Mluguru alipewa mlima wenye mvua na udongo, akauharibu kwa mikono yake. Mkoloni alimletea matuta ya kuzuia mmomonyoko, akayakataa kwa ujinga, na wanasiasa wakamchochea. Leo mlima unaporomoka, mto Ruvu unapungua, na yeye bado maskini, kwa sababu hasikii wataalamu, anang'ang'ania ardhi ya ukoo na hajui biashara.

Nimeisikiliza hoja hii kutoka kwa wanaoijua vizuri, si kutoka kwa wapayukaji. Ina vipande saba. Nitakichukua kila kimoja kama wenyewe wanavyokisema, kisha nitaweka ushahidi mezani. Ninyi wasomaji kaeni kwenye kiti cha uamuzi. Siombi huruma kwa ajili ya mkulima wa Mgeta. Naomba apimwe kwa kipimo cha haki.

Kipande cha kwanza ni ujinga, na ndicho kinachobeba vingine vyote. Wanasema: karibu na mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliofahamika kwa herufi ULUS. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji, mito ikijaa tope, na dawa ilikuwa matuta ya ngazi, yaani kuukata mteremko uwe vipande bapa kama ngazi za nyumba. Watu wakaamriwa kuchimba, na asiyechimba akatozwa faini. Julai 1955 kule Matombo, upande wa mashariki wa milima, umati ulikusanyika kupinga. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Kwa hiyo, wanahitimisha, elimu ilimfikia Mluguru naye akaipiga teke.

Habari za tukio ni sahihi. Hitimisho ndilo halisimami, na ushahidi wa kuliangusha unaonekana kwa macho mpaka leo. Panda Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo. Matuta yapo. Yamepandwa kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo na saladi, na mifereji ya maji imechorwa pembezoni mwa mlima kwa jembe la mkono. Watu wa Mgeta ni Waluguru kama wa Matombo. Lugha yao moja, mfumo wao wa koo mmoja, mpango uliowafikia ulikuwa mmoja, na serikali iliyowaamrisha ilikuwa moja. Kama sababu ya kukataa ilikuwa ujinga wa Mluguru, kwa nini ujinga huo uliugusa mteremko mmoja ukauacha mwingine? Kitu kilicho sawa pande zote mbili hakiwezi kueleza tofauti ya pande hizo. Hata mtoto wa shule akipanda maharage kwenye vikopo viwili anaijua kanuni hii: ukitaka kujua kwa nini kimoja kimeota na kingine hakikuota, tafuta kinachotofautiana.

Tukitafute, basi. Chukua mteremko wa nyuzi 30, ambao Uluguru si jambo la ajabu. Unataka kuchimba tuta la ngazi lenye upana wa mita 2. Upande wa juu unakata, upande wa chini unajaza. Ukikokotoa, utaona kwamba kwenye ukingo wa ndani unatakiwa kushuka karibu sentimita 58, na kwa kila mita moja ya urefu unahamisha karibu mita za ujazo 0.29 za udongo. Tuta la urefu wa mita 100 linafika mita za ujazo 29, na uzito wake haupungui tani 35. Zote hizo zinasogezwa kwa jembe na mtu anayetakiwa pia kulima, kupalilia na kuvuna. Huo ni mstari mmoja tu wa tuta.

Tatizo kubwa zaidi ni kile kinachotokea kwenye udongo wenyewe. Udongo wenye rutuba ni ngozi nyembamba iliyoulalia mlima. Tuseme unene wake ni sentimita 20. Ukichimba kushuka sentimita 58, sehemu kubwa ya upande uliokatwa inabaki udongo wa chini, mwekundu, usio na mboji. Ule unaoutupa upande wa pili unaufukia udongo mzuri uliokuwapo. Baada ya jasho lote hilo, unapanda mahindi juu ya udongo uliokuwa chini. Mwaka wa kwanza mavuno yanashuka badala ya kupanda, labda na wa pili pia. Njia ya kukwepa hasara hiyo ipo: kuutenga udongo wa juu kwanza na kuurudisha mwishoni, jambo linaloongeza kazi juu ya kazi, au kuurutubisha upya udongo wa chini kwa samadi mwaka hata mwaka.

Hapo ndipo pande mbili za mlima zilipoachana. Mgeta walikuwa na hali ya hewa ya baridi inayokubali mboga za Kizungu, walikuwa na vijito vya kumwagilia wakati wa kiangazi, na walikuwa na soko lililozitaka mboga hizo kwa fedha taslimu. Tuta la bapa linashika maji ya mfereji, na kabichi ya kiangazi inalipa gharama ya kulichimba na ya kulitia samadi. Matombo walilima mahindi na mpunga wa mlimani kwa mvua, tena mvua nyingi kuliko ya magharibi. Hawakuhitaji tuta la kumwagilia, na zao lao halikuweza kulipa tani 35 za udongo. Mgeta walifanya hesabu wakapata jibu la ndiyo, Matombo wakafanya hesabu ileile wakapata hapana. Aliyeshindwa hesabu ni yule aliyetoa amri moja kwa miteremko miwili tofauti.

Kipande cha pili ni kifupi, nami nitakijibu kwa ufupi. Wanasema TANU ndiyo iliyowachochea. Ni kweli kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, mwaka mmoja kabla ya Matombo, na ni kweli kwamba miongoni mwa waasisi wake 17 alikuwamo Mluguru, Patrick Kunambi. Ni kweli pia kwamba chama kilinufaika na hasira ya watu. Lakini chama cha mwaka mmoja hakiwezi kuwa mzazi wa chuki dhidi ya kazi iliyolazimishwa kwa miaka kabla hakijazaliwa. Zaidi ya hapo, pimeni vipande hivi viwili pamoja. Cha kwanza kinasema watu hawakuelewa jambo lolote; cha pili kinasema walielewa siasa za kitaifa kiasi cha kuzitumia kuuangusha mpango wa serikali. Mwenye hoja achague kimoja. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali hiyohiyo ya kikoloni, aliandika na Roland Young kitabu kizima juu ya Waluguru, kikatoka mwaka 1960. Mada waliyoichagua ni ardhi na siasa. Hawakuona kwamba neno ujinga linatosha.

Kipande cha tatu kinaheshimika zaidi, kwa sababu kimevaa vazi la sayansi. Kinasema: achana na siasa, matuta ya ngazi ndiyo tiba ya mmomonyoko kwenye mlima wowote, na kama yangechimbwa kila mahali Uluguru isingeporomoka. Hapa inabidi tutofautishe mambo mawili ambayo wenye hoja huyachanganya. Mmomonyoko ni maji yanayotiririka juu ya ardhi na kuubeba udongo wa juu kidogo kidogo. Maporomoko ni kipande kizima cha mlima kinachoteleza kwa mkupuo kwa sababu maji yameingia ndani yake. Tuta zuri linapunguza la kwanza, kwa kuyazuia maji yasikimbie. Lakini maji yaliyozuiwa yanakwenda wapi? Yanazama. Na maji yanayozama kwenye mteremko mkali yanauongezea udongo uzito na kuulainisha pale unapokutana na mwamba.

Mgeta yenyewe ililipa gharama ya kutupa ushahidi huu. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya takribani milimita 100 ndani ya saa tatu hivi. Milimita 100 maana yake ni lita 100 kwenye kila mita ya mraba, au tani 400 za maji juu ya ekari moja. Mlima ulikatika mahali zaidi ya 1,000. Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa kwenye utafiti wa mmomonyoko uliounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala nchini Swideni, walizunguka wakihesabu na kupima makovu hayo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Karibu maporomoko yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye nyasi. Yaliyoanzia penye miti hayakufika moja katika mia.

Soma matokeo hayo polepole, maana yanamjibu kila upande. Yananijibu hata mimi: ni kweli kwamba mlima uliofyekwa miti ni mlima dhaifu, na mkulima anayepanda kabichi mpaka kwenye genge anahatarisha nyumba iliyo chini yake. Sitalificha hilo kwa kuwa namtetea. Lakini matokeo hayo hayasemi kwamba dawa ilikuwa matuta. Yanaonyesha mizizi. Mzizi wa mti unapita kwenye udongo mlegevu na kuushonea kwenye ule ulio imara chini yake, kazi ambayo tuta haliwezi kuifanya hata likichimbwa kwa uzuri gani. Mahali penye mteremko wa wastani, penye mfereji wa kutolea maji ya ziada, tuta linafaa. Mahali pa wima panataka miti. Mpango wa 1950 uliamuru jembe mahali palipohitaji mche, na wanaousifu leo wanalirudia kosa hilo huku wakilitaja jina la sayansi.

Kipande cha nne: hawasikii wataalamu. Wanasema Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko miguuni pa mlima tangu mwaka 1984, mabwana shamba wamepita, miradi imepita, na mkulima bado analima kama babu yake.

Tuanze na babu yake. Kilimo cha asili cha Uluguru kina ngazi zake ndogo, zisizofanana na zile za bwana shamba. Mkulima anasimama chini ya kipande anacholima, anavuta magugu na nyasi, anazipanga mstari, anazifunika kwa udongo. Nyasi zinaoza humo humo na kuwa mboji ya msimu unaofuata. Njia hiyo ina kasoro, kwa maana kila jembe linalovuta udongo linauteremsha kidogo, na baada ya miaka mingi sehemu ya juu ya shamba inakonda. Lakini inafanya jambo ambalo tuta la amri halikulifanya: inauweka udongo mzuri pale pale penye mizizi ya mmea, kwa nguvu za familia moja, bila kusubiri miaka miwili ya njaa.

Sasa tuje kwa mjukuu. Mwaka 1988 chuo hicho cha Sokoine kilipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei. Mbuzi hao hawachungwi porini; wanafugwa kwenye banda la miti lililoinuliwa, wanakatiwa majani, wanakamuliwa, na samadi yao inakusanywa chini ya banda. Huu ni utaalamu unaodai kazi kila siku iendayo kwa Mungu. Watu wa Mgeta waliupokea, wakawazalisha, na mpaka leo tarafa hiyo inatajwa kila panapozungumzwa habari za mbuzi wa maziwa nchini. Angalieni kilichopokelewa: maziwa kwa mtoto, fedha kwa mama, na samadi kwa lile tuta la kabichi linaloihitaji. Mtu asiyesikia wataalamu hawezi kufanya hivyo. Aliyefanya hivyo ni mtu anayemsikiliza mtaalamu kisha akajiuliza kama ushauri unaingia kwenye maisha yake.

Na kama bado mna shaka, twendeni upande wa mashariki, upande uleule wa mgomo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya Ruvu, ambamo wanaotumia maji huku chini, wakiwamo DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, walichangia fedha za kuwalipa wakulima wa juu wanaohifadhi udongo na maji. Wakulima walichimba. Walitengeneza matuta ya ngazi na makinga maji ya fanya juu, na wakapanda miti. Wajukuu wa waliogoma mwaka 1955 wakashika majembe kwenye milima ileile. Kilichobadilika ni nani anabeba gharama. Mwaka 1955 mkulima alibeba yote na akatishiwa faini. Safari hii anayefaidika na maji alichangia. Sijaona mwenye hoja hata mmoja anayeutaja ushahidi huu, na siamini kwamba ni kwa kutoujua.

Kipande cha tano kinaigusa jamii yenyewe. Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Wenye hoja wanasema: mwanamume hawezi kuchimba tuta wala kupanda mti kwenye shamba litakaloenda kwa mpwa wake badala ya mwanawe. Gawa ardhi, toa hati, na mlima utapona.

Nakubali kwamba wasiwasi huo upo. Baba anayelima kwenye ardhi ya ukoo wake mwenyewe anajua kwamba watoto wake wa kuzaa ni wa ukoo mwingine. Lakini hoja imeishia nusu ya njia. Baba huyohuyo akilima kwenye ardhi ya ukoo wa mke wake, analima ardhi ya ukoo wa watoto wake, na jasho lake linawarudia moja kwa moja. Tena hoja nzima imemsahau mwanamke, ambaye katika mfumo huu ana haki kwenye ardhi ya mama yake, haki ambayo wanawake wa sehemu nyingi za nchi hii bado wanaipigania. Na ukirudi kwenye kipimo chetu cha kwanza, utaona Mgeta na Matombo wote wana koo za upande wa mama. Huku kwenye ukoo wamechimba, kule kwenye ukoo wamegoma. Mapichesi, plamu na peasi za Mgeta zimepandwa kwenye ardhi iliyohesabiwa kwa mfumo huohuo, na mti wa matunda haupandwi na mtu anayetazama msimu mmoja. Kuhusu hati, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua hakimiliki ya kimila na kuruhusu iandikiwe hati bila kuivunja. Anayesema lazima ukoo ufe ndipo karatasi ipatikane hajaisoma sheria hiyo.

Kipande cha sita ndicho kinachosemwa kwa sauti kubwa kila kiangazi kikiwa kirefu. Mto Mgeta unaingia Ruvu, Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam, na mkulima wa mlimani anauchota mto kabla haujafika. Oktoba 2022, mji ulipotangaziwa mgao wa maji, wengi walimnyooshea kidole mkulima huyo.

Sehemu ya hoja hii ni kweli. Maji ya mfereji yanayokwenda kwenye kabichi hayarudi yote mtoni. Mengine yanapaa hewani. Mipira ya kumwagilia imeongezeka, na kulima mpaka ukingoni mwa kijito ni kosa ambalo vijiji vyenyewe vinapaswa kulikomesha. Lakini weka tarakimu mbili sambamba. Mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu Dar es Salaam watu takribani 129,000. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu 5,383,728. Mji umekua zaidi ya mara 40. Mtambo wa Ruvu Chini uliongezwa mwaka 1976, mitambo yote imepanuliwa, lakini mto ni uleule. Ukioa mke mmoja ukajenga chumba kimoja, kisha nyumba ikawa na watu 40, utamlaumu fundi aliyejenga chumba?

Wanaosema mlima umefyekwa wote kwa ajili ya mashamba nao waangalie tena. Kilele cha Uluguru ni msitu wa hifadhi tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 2008 ukapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 24,000. Mkulima wa Mgeta amepangiwa mahali pa kuishia, naye anabanwa katikati: juu yake kuna mpaka wa msitu, chini yake kuna bonde kavu. Na hizo kabichi za Agosti anazimwagilia kwa ajili ya nani? Anayezila yuko Kariakoo na Ilala. Mlaji wa mjini hawezi kuitaka kabichi ya kiangazi kwenye sahani yake na papo hapo kuyataka maji yaliyoikuza yawe bado mtoni.

Nimefika kwenye kipande cha saba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kinachomuumiza mkulima kila siku ya gulio. Wanasema: umaskini wa Mgeta ni wa kutojua biashara. Mkulima akilalamika juu ya lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba mpaka linazidi kimo cha mtoto, wanamjibu kwa lugha ya wachumi. Gunia likiwa kubwa, bei yake inakuwa kubwa. Likiwa dogo, bei inakuwa ndogo. Soko linajirekebisha, na hakuna anayepunjwa.

Hoja hii ina jaribio lake jepesi. Kama ukubwa wa gunia haubadilishi faida ya mtu yeyote, basi hakuna mtu ambaye angejali ukubwa wa gunia. Lakini gulioni Nyandira, huko Mgeta, kuna mtu anayejali sana. Ni mnunuzi. Yeye ndiye anayekuja na sindano na kamba, yeye ndiye anayesimamia mshonaji, na yeye ndiye anayeondoka akimwacha mkulima anayeshikilia gunia la kawaida. Mtu hagharamii kamba, sindano na ugomvi kwa ajili ya jambo lisilomletea kitu.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme gunia la viazi la kilo 100 lina bei ya shilingi 50,000. Kilo moja ni shilingi 500. Mnunuzi akishona kilemba, gunia likafika kilo 130 na bei ya "gunia" ikabaki ileile, kilo moja imeshuka hadi karibu shilingi 385. Mkulima mwenye magunia 20 ametoa kilo 600 bure, sawa na magunia 6 mazima. Mnunuzi akifika mjini hauzi tena kwa gunia la kilemba. Kule sokoni viazi vinapimwa kwa sado na kwa kilo. Kipimo kinakuwa cha kubahatisha wakati wa kununua na cha uhakika wakati wa kuuza. Njiani kuna mwingine anayeumia: kijana anayebeba mzigo huo kichwani kutoka shambani hadi barabarani, anayelipwa kwa gunia.

Wanauliza: kwa nini mkulima asikatae? Kwa sababu kabichi iliyokatwa na karoti iliyong'olewa hazingoji. Mnunuzi akiondoka leo anaweza kurudi kesho kutwa. Karoti ya mkulima kesho kutwa imenyauka. Mwenye bidhaa inayooza na asiye na ghala la baridi anajadiliana bei akiwa amefungwa mkono mmoja, na hakuna elimu ya biashara inayoufungua mkono huo. Unafunguliwa na mizani. Na mizani si ombi la hisani. Sheria za vipimo za nchi hii zinakataza mazao ya shamba kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ana mamlaka ya kumkamata anayevunja sheria hiyo.

Sasa unganisheni kipande hiki cha mwisho na cha kwanza. Tuta la Mgeta linadumu kwa sababu kabichi inalilipa. Linatiwa samadi, linasafishwa mfereji, linajengwa upya kila mvua inapolibomoa, na kazi zote hizo zinatoka kwenye ile bei ya gunia. Kila kilo 30 zinazochukuliwa bure kwenye lumbesa zinachukuliwa kutoka kwenye tuta lile ambalo wenye hoja wanadai kulilinda. Wanamtaka mkulima alinde mlima, kisha wanatetea utaratibu unaomnyima nguvu ya kuulinda. Kati ya migongano yote niliyoionyesha, huu ndio unaoniumiza zaidi, maana gharama yake inalipwa na familia ninazozijua.

Waamuzi, shtaka lilikuwa ujinga. Mmeona Mgeta waliochimba na Matombo waliogoma, mmeona mbuzi waliopokelewa mwaka 1988 na matuta yaliyochimbwa Kibungo Juu pale gharama ilipogawanywa. Hakuna hata kipande kimoja kati ya hivyo saba kilichothibitisha shtaka hilo, na mimi nasema mshtakiwa aachiwe huru.

Nawe uliyeko mjini, unayenunua viazi na karoti za mlimani, nina ombi moja. Ukipita Nyandira siku ya gulio, kabla hujauliza bei, uliza mizani iko wapi. Ukiambiwa haipo, usinunue gunia lenye kilemba.